Mashine mpya tumenunua, ujuzi umetokea getini: miaka tisa yangu kwenye ubanguaji wa korosho Mtwara

Boila Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na naandika kwa simu, kwa hiyo nitauweka kipande kwa kipande. Mwenye haraka apite salama.

Nimefanya kazi kwenye ubanguaji wa korosho hapa Mtwara miaka tisa. Nilianza kibarua wa kushusha magunia, nikahamia kwenye boila, nikamaliza nikiwa msimamizi wa shifti. Viwanda viwili tofauti. Sivitaji, na msinifuate PM kuniuliza.

Kila msimu ukifunguliwa mjadala ni uleule: tunauza korosho ghafi kwa sababu hatuna viwanda, hatuna mashine, hatuna mtaji. Sawa. Lakini nimeona kwa macho yangu mashine mpya, nailoni bado iko kwenye vishikio, ikivunja korosho kuliko akina mama waliokaa kwenye mabenchi na mashine za kukanyaga kwa mguu. Tangu siku hiyo najiuliza kiwanda kinamshinda mwenzake kwa kitu gani hasa.

Kwa wasioijua kazi: korosho ghafi inachambuliwa kwa ukubwa, inapigwa mvuke, inalazwa ipoe mpaka kesho yake ili ganda liwe la kukatika, inabanguliwa, kiini kinaingia oveni, kinamenywa ile ngozi nyekundu, kisha kinapangwa madaraja. Pesa yote iko kwenye neno moja: nzima. Daraja la W320 maana yake ratili moja ya uzito inaingia korosho nzima 300 hadi 320. W240 ni kubwa zaidi, W180 ndiyo ya wakubwa. Ikivunjika inakuwa nusu, kipande au chenga, na bei inaanguka nayo. Korosho ni ileile, mkulima kalipwa bei ileile mnadani. Itoke nzima au itoke chenga, hilo linaamuliwa ndani ya geti lako.

Na linaamuliwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Mvuke ukizidi, kiini kinababuka na rangi inaharibika. Ukipungua, kiini kinang'ang'ania ganda, kisu kikipita kinakata vyote viwili. Mashine ya kubangua inalaumiwa kwa dhambi ya boila.

Naendelea.

Siti ya Mbele

Nimeshavuta kiti na bumunda langu. Tiririka mkuu.

Boila Kuu

Kiwanda cha kwanza tulikuwa na mama mmoja wa Chikongola. Jina lake si la kuweka humu, nitamwita Mama Kopo. Yeye kazi yake ilikuwa kubangua, boila haikuwa yake kabisa. Ila kila asubuhi akiingia alipitia kwanza stoo, anachota korosho mkono mmoja, anazitia kwenye kopo tupu la maziwa, analitikisa karibu na sikio. Halafu anaongea bila kumwangalia mtu: "Hizi zirudisheni juani." Au: "Hizi zimekaa sana, zina kiu, ziongezeeni maji." Basi, anakwenda kukaa kwenye benchi lake.

Vijana wa boila tulikuwa tunacheka. Mpaka nilipopangiwa mimi boila na nikaanza kumsikiliza, kwanza kwa utani. Korosho iliyokauka inalia kwenye kopo, kavu, kama kokoto. Iliyonyonya mvua za Desemba inanyamaza, mlio unakuwa mzito. Kipimo cha unyevu tulikuwa nacho, cha umeme, kimetoka nje, kinapima kiganja kimoja cha gunia moja na betri yake ilikuwa inapotea kila siku. Kopo halikupotea hata siku moja.

Msimu ukaisha. Akina mama wote wakalipwa chao wakarudi nyumbani, kama kawaida. Mwaka uliofuata bosi akaleta mashine za kubangua zenyewe, za visu, nzuri kweli, na vibarua wapya kabisa kwa sababu "kazi sasa ni ya mashine". Wiki ya kwanza, chenga. Wiki ya pili, chenga. Fundi akabadilisha visu. Akabadilisha tena. Ikaagizwa spea, ikakaa bandarini. Kumbe korosho hazikuwa zinachambuliwa ukubwa sawasawa, kubwa na ndogo zinaingia kwenye mlango mmoja, na mvuke ulikuwa dakika zilezile kwa mzigo wa Oktoba na mzigo wa Januari.

Nikatumwa kumtafuta Mama Kopo. Nilimkuta kwenye feri ya Msangamkuu anauza samaki. Akasema atarudi, ila si kwa malipo ya kilo. Anataka mshahara wa mwezi kama fundi. Bosi alicheka mpaka akakohoa. Kibarua gani analipwa kama fundi mitambo?

Nikafanya nililoona linawezekana. Nikanunua kaunta buku, jioni tatu nikaenda kwake nikamwomba anieleze. Nikaandika: mzigo umetoka AMCOS gani (chama cha ushirika cha wakulima), umekaa juani siku ngapi, kopo linaliaje, dakika ngapi za mvuke, ulale saa ngapi. Kiwandani tukaanza kujaza kila siku, na kila mzigo tunahesabu korosho mia moja zilizobanguliwa, ngapi nzima. Tulianzia hamsini na kitu. Baada ya mwezi na nusu tulikuwa tunapata sabini na tano, siku nzuri themanini. Mashine zilezile na visu vilevile.

Hicho ndicho nilichotaka kusema. Kwenye vitabu vya mhasibu wa kile kiwanda kulikuwa na boila, mashine, jenereta, pikapu mbili na hata viti vya ofisini. Kopo la mama yule halikuwemo.

Mnunuzi wa Mnadani

Hadithi tamu lakini mkuu unapotosha vijana. Shida ya viwanda vyetu ni pesa. Korosho inavunwa kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi. Ukitaka kiwanda kifanye kazi miezi kumi na miwili lazima ununue mzigo wa mwaka mzima ndani ya wiki chache, kwa mnada, ukishindana na mfanyabiashara mwenye mkopo wa nje wa riba ndogo. Sisi riba yetu unaijua. Mzigo unalala ghalani unakula riba. Ukifika Julai umeshafilisika kabla hujabangua nusu. Hapo kopo la maziwa litasaidia nini?

Boila Kuu

Hapo umenishika, sikatai. Mtaji wa mzigo ni mlima, na nimeona kiwanda kimefungwa Mei kwa sababu stoo imeisha, wafanyakazi hodari wapo, umeme upo, korosho hakuna.

Ila nisaidie kwa hili. Kilo 1,000 za korosho ghafi zikibanguliwa zinatoa kiini cha kuuza kilo 220 hadi 250 hivi. Zinazobaki ni ganda, ngozi na maji. Anayenunua ghafi hapa kwenda Vietnam analipa ushuru wa kusafirisha ghafi, analipa meli kuvuka bahari nzima ya Hindi, na robo tatu ya alichopakia si kiini. Analipia nauli ya takataka! Akifika anabangua, anatushinda bei sokoni Ulaya na Marekani. Riba peke yake haielezi jambo hilo. Kuna kitu anakijua.

Vietnam haikuanza na ubabe. Miaka ya nyuma mfalme wa ubanguaji alikuwa India, Kollam kule Kerala, kazi ya mikono ya akina mama maelfu kwa maelfu, na korosho ya kusini mwa Tanzania ilikuwa inakwenda huko. Wavietnamu wakaingia, mwaka 2006 wakaipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Walichofanya ni kwamba mafundi wao walichukua mashine za watu wakazifungua, wakazikosea, wakazirudia, mpaka wakawa wanatengeneza za kwao. Leo karakana zao ndizo zinazouza mashine za kubangua Afrika. Sisi tunanunua mashine. Wao wana watu wanaojua kwa nini kile kisu kina pembe ile.

Mwana Newala

Naongezea historia, maana vijana wengi hawajui. Sisi mashine tulishawahi kuwa nazo, nyingi sana. Miaka ya 1970 kuelekea 1980 serikali ilikopa Benki ya Dunia vikajengwa viwanda vikubwa 12, vingine mitambo ya Kiitaliano, vingine ya Kijapani. Newala, Masasi, Likombe, Mtama, Nachingwea. Mimi nilikuwa mtoto, tulikuwa tunaenda kuyatazama yale majengo kama watalii.

Kilichotokea: mwaka 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000. Kufika 1986/87 hazifiki 17,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki porini mbali na nyumba, bei ikawa haina maana, halafu ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Viwanda vikakaa na njaa. Vingi viliishia kuwa maghala ya korosho hiyohiyo inayosubiri kwenda nje ikiwa ghafi.

Sasa kilichofufua zao hakikuwa kiwanda. Ni Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara. Watafiti walikaa pale wakajua ubwiriunga unaingia lini, salfa ipulizwe mara ngapi na kwa kipimo gani, wakachagua miche, wakawafundisha wakulima. Msimu wa 2024/25 tumevuna zaidi ya tani 500,000. Ukiniuliza rasilimali kubwa ya viwanda vya Mtwara ni ipi, nitakuonyesha kibao cha kituo cha utafiti.

Siti ya Mbele

Mzee wangu umefunga kesi. Bumunda limeisha, naongeza uraka.

Binti wa Usimamizi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa biashara, mwaka wa tatu, na hili ndilo tunalosoma sasa, ila darasani lilikuwa kavu kweli.

Walimu wanatugawia ujuzi wa kampuni mafungu matatu. Kuna uliomo vichwani na mikononi mwa watu, huo jioni unarudi nyumbani. Kuna uliobaki kiwandani hata watu wakiondoka: kaunta buku la Boila Kuu, taratibu, michoro, hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi), nembo. Na kuna uliomo kwenye mahusiano: mnunuzi anayekuamini, AMCOS inayokuletea mzigo msafi. Mashine mtu yeyote mwenye pesa atainunua kesho, kwa hiyo haiwezi kukupa ushindi wa muda mrefu. Kinachokupa ushindi ni kile ambacho mwenzako hawezi kukinunua wala kukiiga haraka.

Kuna wasomi wawili Wamarekani, Wesley Cohen na Daniel Levinthal, mwaka 1990 waliandika kwamba kampuni haiwezi kunyonya ujuzi wa nje kama ndani yenyewe haina ujuzi wa awali wa kuupokelea. Niliposoma kisa cha mashine zenye nailoni ndipo nikaelewa walimaanisha nini. Kiwanda kilileta mashine, kikawa kimeshawafukuza watu pekee ambao wangeielewa.

Kingine. Miaka ya 1980 kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, ilikuwa inatengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate ulitoka nje umeungua, ndani mbichi. Walipiga hata picha za eksirei za unga uliokandwa na mpishi na uliokandwa na mashine, hawakupata jibu. Mfanyakazi wao mmoja, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza ukandaji kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka. Akagundua mwokaji anaunyonga unga huku anauvuta. Wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya chombo ili mashine nayo inyonge. Mwaka 1987 ikaingia sokoni. Mwokaji yule asingeweza kuandika alichokuwa anafanya, ilibidi mtu asimame pembeni yake.

Boila Kuu

Binti, marahaba. Huyo Tanaka ndiyo mimi na kopo, tofauti yeye kampuni ilimtuma, mimi nilitoa pesa ya kaunta buku mfukoni.

Fundi Chuma

Wakuu mimi ni mchomeleaji, nimepita VETA, chuo cha ufundi, nina karakana ndogo hapa mjini. Nizungumze upande wa kubuni.

Viwanda vidogo vikileta mashine ya kukanyaga, mimi ndiye ninayenoa na kubadilisha visu. Baada ya kunoa visu mia kadhaa unaanza kuona: vile vya kutoka nje vimepindwa kwa umbo la korosho isiyo ya kwetu, mgongo wa ya kwetu una kiuno kidogo. Nikabadilisha mpindo kidogo tu. Mteja mmoja akaniambia vipande vimepungua. Nikafurahi, nikapiga picha, nikaweka kwenye grupu la WhatsApp la wabanguaji. Kabla ya wiki mbili karakana nyingine tatu zinauza kisu changu, mmoja kakiita kwa jina lake.

Swali langu: hapa nilipaswa kufanya nini? Nikaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakanielekeza BRELA, wanaosajili biashara na hataza, nikaona mlolongo nikachoka.

Mwanasheria wa Mikindani

Fundi pole. Kwa kifupi. Hataza inatolewa kwa kitu kipya, kwa hiyo peleka maombi kwanza, picha za WhatsApp baadaye. Kwa uboreshaji mdogo wa kifaa kama wako kuna cheti chepesi kuliko hataza kamili, waulize BRELA. Ila nikuambie ukweli wa kazi yangu: kwa fundi wa karakana moja, kesi ya kuiga kisu itakumaliza kabla haijamaliza mwigaji. Sajili nembo yako ya biashara. Inadumu miaka 7 ya mwanzo, ukiihuisha unapata 10, na 10 tena. Igonge kwenye kila kisu. Wakiiga mpindo, jina hawawezi. Na kumbuka usajili wa Bara haufiki Zanzibar, kule wana daftari lao.

Fundi Chuma

Asante wakili. Kumbe nilikosea kwenye kitufe cha kutuma.

Mwenyeji wa Kilwa

Lindi nasi tuna la kusema, Mtwara msituzibe. Tuna mpingo. Ule mti ndio unatengeneza klarineti na zumari za orkestra za Ulaya, na ndio wachonga vinyago wa Kimakonde wanautumia. Zamani gogo lilikuwa linatoka kijijini kwa bei ya kutupa, mara nyingi kwa wizi.

Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, mara ya kwanza Afrika. Cheti ni karatasi, lakini nyuma ya karatasi kuna watu waliotembea porini wakahesabu miti, wakapima unene, wakaandika uvunwe mingapi na mingapi iachwe. Gogo ni lilelile. Kilichoongezeka ni maandishi yanayomwezesha mnunuzi wa mbali aseme najua huu umetoka wapi. Hilo fungu la tatu la Binti, la mahusiano, sisi tumelishika mkononi.

Korosho yenu ikiingia dukani Ulaya, nani anajua ni ya Tandahimba?

Mnunuzi wa Mnadani

Hakuna anayejua. Ikibanguliwa nje inapakiwa kwenye mfuko wa ratili 50, kilo 22.68, imeandikwa nchi ya mbanguaji. Naongea kama niliyewahi kuupakia.

Na hapa nimkubalie Boila Kuu kidogo, maana nimeusoma uzi wote sasa. Mnunuzi wa nje hakuulizi una mashine gani. Anakuuliza: mzigo wa mwezi wa tatu utafanana na wa mwezi wa kwanza? Ukiteleza mara moja, rangi imebadilika au unyevu umezidi, anakupunguzia bei mwaka mzima. Kufanana kwa mzigo si suala la mtaji. Nimeona wenye mtaji wakishindwa.

Ganda Halitupwi

Wote mnazungumzia kiini. Ganda je? Lina mafuta, yale yanayounguza mikono. Nje yanaingia kwenye breki za magari, rangi na gundi za viwandani. Viwanda vyetu vingine vinachoma ganda kwenye boila tu, na moshi wake majirani wanaujua. Hapo ndipo ubunifu unapotakiwa, tena mtaani kwetu.

Mbanguaji Mstaafu

Mimi ni mama wa watu wanne na nilibangua misimu sita. Nimesoma kimya tangu juzi, sasa niseme.

Mnalisifia lile kaunta buku. Mimi nauliza: Mama Kopo alilipwa nini?

Sisi tulikuwa tunalipwa kwa kilo ya korosho nzima. Mikono unapaka majivu au mafuta ili ule utomvu usikuchune, na bado unakuchuna, ukirudi nyumbani mtoto hataki umshike shavu. Kila mtu benchini ana siri yake. Mimi nilikuwa najua jinsi ya kuiweka korosho, tumbo upande gani, ili kisu kikigusa ifunguke yenyewe. Sikumfundisha mtu. Nimfundishe ili iweje? Akijua kama mimi, msimamizi anapandisha kiwango cha siku, wote tunakimbia zaidi kwa hela ileile. Na mwisho wa msimu ni kwaheri, mwakani ukija unapanga foleni getini na wageni, anayechaguliwa ni mwenye ndugu ofisini.

Mnasema ujuzi unatokea getini. Haujatoroka jamani. Umefukuzwa.

Siti ya Mbele

Hapa naacha utani. Mama kaongea.

Binti wa Usimamizi

Mama shikamoo. Hili darasani hatukufika. Wanasema tu kampuni ijenge utamaduni wa kushirikishana ujuzi, hawasemi mwenye ujuzi anapata nini.

Boila Kuu

Mama, shikamoo na pole kwa mikono.

Nilitegemea hakuna atakayeuliza. Mama Kopo nilimpa shilingi elfu ishirini na doti moja ya kanga, za kwangu. Kiwanda hakikumpa kitu. Na kuna sehemu sikuiandika pale juu, nikijua kabisa kwamba ipo.

Nilipopeleka kaunta buku ofisini na hesabu za korosho nzima, nilikwenda kumwombea yule mama kazi. Nilidhani matokeo yatamsemea. Bosi akalifungua, akalisoma vizuri, akafurahi kweli. Akasema: "Sasa si tunacho kitabu, huyo mama wa nini?" Mimi nikapandishwa cheo. Ndivyo nilivyokuwa msimamizi wa shifti, wakuu. Kwa jioni tatu za mama mwingine.

Msimu huo tulifanya vizuri. Uliofuata mvua ziliwahi, mzigo ukaja na unyevu ambao kwenye kitabu haukuwemo, maana kitabu kiliandikwa mwaka wa jua. Vijana wakafuata dakika zilizoandikwa kama msahafu. Nililitikisa kopo mwenyewe, nikasikia mlio ambao sikujua unaitwaje. Nikaenda tena feri. Wakaniambia amehamia kwa mwanawe Masasi.

Mbanguaji Mstaafu

Angalau umesema. Wengi hawasemi.

Sasa nikuambie la kwangu bure, kwa vile siendi tena kule. Korosho unailaza mgongo chini, lile tumbo lililoingia ndani juu, na kidole gumba hakibonyezi, kinaegemea. Ukibonyeza umeshaivunja. Fundi Chuma, kisu chako kikiwa na mpindo kwenye kiuno kitakutana na hapo pa kuegemea. Nadhani ndiyo maana kilifanya kazi.

Fundi Chuma

Mama, ngoja kwanza. Uko wapi? Niko tayari kukupigia hesabu kwa kila kisu, tuandikishane kwa wakili kabisa, nembo iwe ya wawili. Nina korosho kilo tano hapa karakana na mashine moja ya kukanyaga. Njoo ukae, mimi nisimame pembeni.

Mbanguaji Mstaafu

Niko Mtwara. Wakili aandike kwanza, ndipo nije.

Mwanasheria wa Mikindani

Naandika leo. Siwatozi.

Mwana Newala

Mtwara kuchele! Boila Kuu, lile kaunta buku liko wapi? Hata kama lina upungufu, lipige picha utuwekee, litasaidia vikundi vya ubanguaji huku kwetu.

Boila Kuu

Niliacha kazi, lilibaki kiwandani. Mwaka jana nilipita pale nikamwomba mlinzi aniangalizie kwenye droo ya stoo. Analo yeye. Kurasa zangu bado zipo mwanzoni, kuanzia katikati anaandikia namba za magari yanayoingia na kutoka. Nilimwomba niondoke nalo, akasema ni mali ya kampuni.